Ngoma ya Jadi, Dansi ya Kisasa au Igizo: Ipi Ibebe Historia ya Tabora na Ujiji?

Walimu wa shule, viongozi wa vikundi vya vijana na wazazi wa hapa Tabora huniuliza swali moja kwa maneno tofauti, na ndugu zetu wa Ujiji huuliza lilelile: tunataka watoto waicheze historia ya mahali hapa, lakini tuwafundishe ngoma za wazee kama zilivyo, tuwatungie dansi mpya, au tuandae igizo lenye masimulizi na ngoma ndani yake? Swali ni zito, kwa sababu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ilikuwa njia ya miguu mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuacha shajara. Aliacha mwendo, nyimbo, na watoto waliomwona akiondoka, wengine wasimwone akirudi. Ndiyo maana naona ni halali kabisa kuitafuta historia hiyo katika mwili unaocheza, na ndiyo maana inafaa kuichagua kwa uangalifu njia ya kuitafutia.

Njia tatu zinazolinganishwa

Kwa ngoma ya jadi nakusudia ngoma inayofundishwa na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, au wazee wa kikundi, ikiwa na hatua, nyimbo na ala zake: manyanga ya Wanyamwezi, bugobogobo ya majembe inayochezwa na jirani zetu Wasukuma, ngoma za Waha wa Kasulu na Kibondo. Tabora haikosi mifano, kwani kikundi cha Hiari ya Moyo na jina la mzee Mwinamila vilijulikana nchi nzima tangu siku za TANU.

Kwa dansi ya kisasa sikusudii muziki wa dansi, ingawa mtu wa Tabora akisikia neno hilo hufikiria kwanza Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na ana haki. Nakusudia sanaa ya jukwaani ambamo mtunzi huchukua mwendo wa ngoma za Kiafrika, mwendo wa kazi za kila siku na mbinu nyingine za mwili, akatunga kitu ambacho hakikuwapo. Germaine Acogny, aliyezaliwa Benin na kukulia Senegal, alijenga mbinu yake kutokana na ngoma za Afrika Magharibi akiuweka uti wa mgongo katikati ya kila kitu, na shule yake ya École des Sables iliyoko Toubab Dialaw imewafundisha wachezaji kutoka pande zote za bara. Karibu zaidi na sisi yuko Faustin Linyekula wa Kongo, ambaye Studios Kabako yake iko Kisangani, mji uliounganishwa na Ujiji na misafara ileile ya pembe na watumwa iliyopita Manyema, mashariki mwa Kongo. Kazi zake nyingi zinauliza mwili wa Mkongo umebaki na nini baada ya vita na uporaji.

Igizo, kwa maana ya hapa, ni lile tunalolijua shuleni: msimulizi, wahusika wenye majina, ngonjera katikati, na ngoma ya kufungua na kufunga. Ngonjera zilienezwa na Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha, na hadi leo ni vigumu kupata shule ya msingi isiyoweza kuandaa ngonjera ndani ya wiki mbili.

Vigezo

Nimevipima vitu hivi vitatu kwa vigezo vitano: kila kimoja kinabeba kumbukumbu ya aina gani, kinahitaji mwalimu gani na muda gani, mtazamaji anapata nini, kinadai ruhusa ya nani, na kinagharimu nini. Kigezo cha kwanza ndicho kinachostahili nafasi kubwa, kwa sababu vikundi vingi huanza kwa kuuliza bei ya maleba kabla ya kujiuliza vinataka kukumbuka nini.

Aina ya kumbukumbu

Ngoma ya jadi hubeba kumbukumbu ambayo jamii imekwisha kuikubali na kuirudia, na huibeba bila kuieleza. Niliwahi kukaa na manju mmoja mzee nje kidogo ya mji, akiwafundisha vijana hatua ambayo kila baada ya midundo mitatu bega la kulia linashuka, shingo inainama upande, kisha mwili unajiweka sawa na njuga zinalia mara moja. Nilimwuliza maana yake. Alisema babu yake alikuwa akiita hapo "kuhamisha mzigo", kisha akaongeza: "Mimi mzigo sikuukuta, nilikuta hatua." Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba wapagazi wa pembe za ndovu walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe, ikawa inalia kwa kila hatua njia nzima. Siwezi kudai kwamba njuga za mzee yule zimetoka kwenye kengele zile, lakini aliyezisikia njuga arobaini zikitua kwa pamoja kwenye vumbi anajua jinsi mwendo wa watu wengi wanaotembea kwa mpangilio unavyosikika.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba jadi haikuwahi kubadilika. Ngoma ya beni ilianza pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi na gwaride za kijeshi, ikaenea bara pamoja na askari na makarani, ikiwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vyeo vyake na mashindano yake. Wale waliopigwa amri na wakoloni waliichukua amri ile wakaicheza, na kwa kuicheza wakaihifadhi. Kwa wakati wake beni ilikuwa dansi ya kisasa kabisa. Anayekataa utunzi mpya kwa hoja kwamba wazee hawakutunga, wazee wenyewe wanamsahihisha.

Dansi ya kisasa hufaa zaidi pale ambapo kumbukumbu haina hatua iliyorithiwa. Nani alicheza kifo cha mpagazi aliyeachwa chini ya mti kwa ugonjwa? Nani alimtungia wimbo mwanamke aliyeletwa Ujiji kutoka Manyema amefungwa, asiyejua lugha ya waliomnunua? Kwa mambo kama hayo mtunzi hulazimika kuanza na mwili mtupu. Nimeshuhudia mazoezi ambamo kijana wa miaka 19 alibebeshwa mchanga wa kilo 32 hivi, yaani frasila mbili, uzito ambao mpagazi aliweza kuubeba, akazunguka ukumbi kimyakimya hadi misuli ya shingo ikaanza kutetemeka. Kisha mzigo ukatuliwa, akaambiwa acheze kile kilichobaki mwilini. Mikono yake ilipanda yenyewe kana kwamba imeagwa, magoti yakakosa pa kutua, na kwa dakika nzima hakujua akanyage wapi. Hakuna aliyemfundisha mwendo ule, na sijaona ngoma wala igizo lililoweza kunionyesha hivyo maana ya kutua mzigo.

Njia hiyo ina kasoro yake pia: bila utafiti, utunzi mpya hugeuka huzuni ya jumla isiyo ya mahali popote. Kijana akigaragara sakafuni kwa dakika kumi, anaweza kuwa anacheza Tabora, Lubumbashi au mji wowote. Gregory Maqoma wa Afrika Kusini, alipotunga kazi kuhusu mhenga wake, chifu wa Waxhosa aliyefia kifungoni Robben Island mwaka 1873, alianza na mtu huyo mmoja na maisha yake. Wa kwetu nao wana mtu wa kuanza naye, maana yuko mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuyashika mapito ya misafara kwa miaka mingi, na yuko mtemi Isike wa Unyanyembe, hapa Tabora, aliyewasha baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 badala ya kujisalimisha kwa Wajerumani.

Igizo ndilo pekee kati ya matatu linaloweza kusema jina na mwaka waziwazi, na hilo si jambo dogo kwa mtoto ambaye hajawahi kusikia habari za Isike. Hatari yake ni kwamba maneno humfuata mwenye maneno. Michezo ya Ujiji kuhusu mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone pale, karibu yote huwapa Livingstone na Stanley mazungumzo, na wapagazi husimama nyuma wakishika matete kama mapambo. Ukitaka kuona tofauti, chukua safari ya mwili wa Livingstone. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliubeba kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, wakapita nao Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1873 na kuufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Katika igizo, tukio hilo ni sentensi tatu za msimulizi. Katika dansi, ni watu wanaopokezana kitu kimoja kirefu kizito kwa dakika ishirini, na mtazamaji analazimika kuwatazama wao badala ya aliyebebwa.

Mwalimu na muda

Ngoma ya jadi hujifunzwa kwa kusimama nyuma ya anayejua. Inataka miezi, na huku kwetu inataka kiangazi, baada ya mavuno, kwa kuwa vijana wa Urambo, Kaliua na Sikonge wakiingia kwenye tumbaku hakuna mazoezi tena. Inataka pia manju aliye hai na mwenye afya, na hapo ndipo penye haraka ya kweli: hatua isiyo na mwanafunzi hufa na mwenyewe. Kuirekodi kwa simu kunasaidia, lakini kamera huona miguu na haisikii pumzi, na wanaojifunza kwa video pekee huchelewa nusu mdundo bila kujua.

Dansi ya kisasa inahitaji mtunzi aliyejifunza kuusoma mwili, na watu hao ni wachache upande huu wa nchi. Wengi wamepita Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, au shule ya dansi ya MuDa Africa ya Dar es Salaam. Kumleta mtu kwa treni, kumlaza na kumlisha wiki sita ni mzigo kwa kikundi kidogo. Wengine humtuma kijana mmoja akajifunze kisha arudi, na mimi naona hiyo ni njia bora kama kijana ana nia ya kurudi. Mazoezi yenyewe yanataka kila siku, kupasha mwili moto, na sakafu laini, maana kuanguka juu ya saruji huharibu magoti.

Igizo linaweza kuongozwa na mwalimu wa Kiswahili au historia aliyepo, likakamilika kwa mwezi mmoja.

Mtazamaji anapata nini

Mbele ya ngoma ya jadi hakuna mtazamaji hasa. Bibi aliyekuja kukaa anasimama, anapiga kigelegele, anamtunza mchezaji, na anayejua wimbo anaitikia. Mgeni asiyejua lugha hufurahia na kuondoka bila kujua amesikia nini, lakini mwenyeji hukumbushwa.

Dansi ya kisasa humfanya mwenyeji aulize kwa sauti, "Hawa wanafanya nini?" Nimelisikia swali hilo kila mara, na silioni kuwa aibu ya mcheza wala ya mwuliza. Dawa yake ni kukaa na watu baada ya onyesho, viti vikiwa duara, na kuwaacha waseme walichoona kabla ya mtunzi kujieleza. Katika kikao kimoja cha namna hiyo mama mmoja muuza dagaa alisema mwendo wa wale vijana ulimkumbusha jinsi alivyotembea siku aliyomrudisha nyumbani mwanawe marehemu kutoka hospitali. Mtunzi alikuwa anacheza wapagazi, na mama hakukosea.

Igizo linaeleweka na wote papo hapo, watoto wakiwamo, na kwa sababu hiyo linafaa penye umati, spika mbovu na muda mfupi.

Ruhusa na heshima

Hapa natoa ushuhuda wa kosa letu. Kikundi nilichokuwa nikikisaidia kilipeleka Ujiji igizo kuhusu biashara ya watumwa, na mwandishi wetu, kwa nia njema, alimpa mhusika aliyeuzwa jina ambalo hadhira ilijua mara moja ni la ukoo gani. Wazee wawili waliondoka katikati ya onyesho. Kesho yake tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, tukapokewa kwa uji na ukimya, hadi mmoja wao aliposema: "Wanangu, hilo jambo sisi tunalijua. Hatukuwatuma mlitangaze." Ujiji ina familia nyingi zenye asili ya Manyema, na si kila ukoo unataka kusimuliwa namna mhenga wake alivyofika pale. Igizo, kwa kuwa linataja, ndilo linalojeruhi haraka zaidi, na ndilo linalodai ruhusa ya wazi kabla ya kalamu kushikwa.

Dansi ya kisasa haimtaji mtu, kwa hiyo inaweza kusogea karibu na jambo lililofichwa bila kulifunua. Deni lake ni jingine: inakopa. Mtunzi akichukua hatua ya manju akaipeleka kwenye tamasha la mjini au ng'ambo, manju atajwe, na apewe sehemu yake kama kuna malipo. Tena, kwa wanaofanya kazi na ndugu waliokimbia vita vya Burundi na Kongo na wanaoishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, narudia kwa msisitizo: usimwombe mtu acheze jeraha lake mwenyewe kwa sababu linapendeza jukwaani. Aanze na mwendo wa kazi au wa mchezo wa utotoni. Akitaka kwenda mbali zaidi, ataongoza yeye.

Ngoma ya jadi nayo ina milango iliyofungwa. Ngoma za tiba, za mapacha na za wayeye, yaani wacheza na nyoka, si za jukwaani mpaka wenyewe waseme ni sehemu gani inaweza kuonekana. Hata zile za wazi zina adabu ya kuombwa, na barua ya afisa utamaduni haichukui nafasi ya kwenda kwa mzee na kuketi.

Gharama

Ngoma ya jadi hugharimu zaidi mwanzoni, kwenye ngozi, magogo na njuga, kisha vifaa hudumu. Dansi ya kisasa haitaki vifaa vingi ila hula pesa ya mwalimu na ukumbi. Igizo hula maleba na nakala za maandishi, na mengi huazimwa majumbani.

Kulingana na hali yako

Kama manju wa eneo lenu yungali hai na ana umri mkubwa, mambo mengine yote yasubiri. Wapelekeni vijana kumi kwake kiangazi hiki, wajifunze hatua moja moja pamoja na jina la kila hatua na hadithi yake, hata kama hadithi ni nusu sentensi. Dansi mpya inaweza kutungwa mwaka ujao, na itakuwa na cha kukopa.

Kama wewe ni mwalimu mwenye darasa la wanafunzi sitini, muhula mmoja, na lengo la kuwafanya wajue Mirambo ni nani na reli ilifika lini, igizo linakutosha. Jitahidi tu kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, apewe maneno mengi kuliko mgeni aliyesindikizwa, na ngoma iingie pale hadithi inapopata uzito badala ya kuachwa mwanzoni na mwishoni kama salamu.

Kama mna kikundi cha vijana wanane au kumi wenye miili iliyozoea mazoezi, na jambo mnalotaka kulikumbuka halina wimbo wala mtu aliye tayari kulisimulia, dansi ya kisasa ndiyo itakayowafaa. Tafuteni mtunzi atakayekubali kutembea nanyi kwa miguu kutoka mjini hadi Kwihara kabla ya kutunga hatua hata moja, aone umbali, jua na miembe ya njiani.

Kwa Kigoma, ambako Mha, Mmanyema, Mbembe na Mrundi wanakaa mtaa mmoja, ningeshauri muanze na jadi za pande zaidi ya moja kabla ya kutunga. Uchezaji wa ngoma za kifalme za Burundi uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014, na upande huu wa mpaka wapo wanaoujua mdundo jirani na ule tangu utotoni. Kuwaweka watoto wa nyumba hizo kwenye duara moja, kila mmoja akiwafundisha wenzake hatua moja ya kwao, ni kazi ya miezi miwili. Mwishoni mwa miezi hiyo watoto wenyewe mara nyingi huwa wamekwisha kuamua kama wanataka kubaki na ngoma hizo zilivyo au wazifume kuwa kitu kipya.

Na kama familia yako ina habari ambayo bado haijapata ruhusa ya kusemwa, usiipeleke kwanza kwenye jukwaa la aina yoyote. Mwombe bibi akuonyeshe jinsi mama yake alivyokuwa akitwanga, akibeba kuni au akitembeza mtoto mgongoni, ufuate nyuma yake uani mpaka mwendo wenu uwe mmoja.